Kiongozi wa Chuo na Awe Mwalimu

Liko neno linalosemwa sana katika nchi yetu hii ya Nyanda za Juu, toka Iringa hata Mbeya, nalo husemwa na watu wenye heshima zao, na wazee wa kanisa wamo. Wasema hivi: "Kuongoza chuo kikuu ni kazi ya utawala. Mwalimu na afundishe, mtawala na atawale. Yatosha kiongozi wa chuo awe mtu mzito, ajulikanaye serikalini, mwenye njia ya kupata fedha. Habari ya kwamba alifundisha nini, ama aliandika nini, si kitu." Neno hilo twalikataa, na sababu zetu tutazieleza.

Kwanza tufafanue majina ya vyeo, maana huwachanganya wengi. Vyuo vyetu vilifuata desturi ya Waingereza. Yule aitwaye Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima tu. Siku ya mahafali huvaa joho, hutunuku shahada, kisha huenda zake. Mwenye kushika kazi ya kila siku huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Basi msomaji akiona twasema "kiongozi wa chuo", na ajue twamnena huyu wa pili.

Wala asiwepo wa kusema, "Mambo ya maprofesa yanihusu nini mimi nilimaye viazi Uporoto?" Yakuhusu sana. Kabla ya miaka ya 1990 nchi hii ya kusini haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Ndipo Walutheri wakaanza chuo chao Iringa, ambacho tangu 2013 chaitwa Chuo Kikuu cha Iringa. Mwaka 2005 shule ya Mkwawa ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Dar es Salaam cha kufundisha walimu, na mwaka huo huo Wakatoliki wakaanza chuo cha Ruaha. Huko Mbeya, Wamoravian wakakipa chuo chao jina la Teofilo Kisanji, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wao katika nchi yetu. Na chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986 kikapandishwa daraja mara mbili, hata mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Ni nani aliyelipa? Ni ninyi. Ni magunia ya viazi, ni mbao za Mufindi, ni ng'ombe aliyeuzwa mnadani mwezi wa Oktoba ili mtoto apate ada. Mtu aliyeuza ng'ombe wake ana haki ya kuuliza ni nani aliyekabidhiwa mtoto wake.

Sasa wenye neno lile wana ngao yao. Husema, "Ulaya ndivyo wafanyavyo." Basi twende Ulaya tukaone.

Vyuo vya kwanza kabisa vya Ulaya havikuwekewa kiongozi na mfalme wala na askofu. Huko Bologna, Italia, wanafunzi wenyewe, ambao wengi walikuwa watu wazima wenye mali zao, walimchagua rekta miongoni mwao. Huko Paris walimu ndio waliochagua, na rekta wao alitumika muda wa miezi mitatu tu, kisha akapisha mwingine. Hatusemi tuige mambo hayo. Miezi mitatu haitoshi hata kuzijua funguo za ofisi. Twataka msomaji aone shina la kazi hii tu. Rekta alikuwa mmoja wa waliomo darasani, aliyesimamishwa mbele ya wenzake kwa muda mfupi.

Walutheri wetu wa Iringa na Njombe walijua jina la Wittenberg tangu katekisimu. Martin Luther alikuwa profesa huko tangu 1512, naye kutoka 1535 hata kufa kwake mwaka 1546 alikuwa mkuu wa kitivo cha theolojia. Yaani mtu aliyeitikisa Ulaya nzima aliendelea kufundisha darasani. Tena mtazameni rafiki yake, Philipp Melanchthon. Alifika Wittenberg mwaka 1518, kijana wa miaka 21, kufundisha Kiyunani. Miaka michache baadaye akawa rekta. Huyu hakuwekewa mikono kuwa mchungaji mpaka siku ya kufa kwake! Hao wanaodhani kwamba chuo cha kanisa lazima kiongozwe na kasisi, hata kama kasisi huyo hajasahihisha karatasi ya mtihani maishani mwake, na watuambie Wittenberg ilikosea wapi.

Hata hivyo mfano tuupendao ni wa Immanuel Kant. Alizaliwa mwaka 1724 huko Königsberg, mji ambao leo umo katika Urusi na kuitwa Kaliningrad. Miaka 15, kutoka 1755 hata 1770, alifundisha bila mshahara wa chuo, akipata riziki kwa ada walizomlipa wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Mwalimu asiyesikilizwa hakula. Alipata uprofesa akikaribia miaka 46. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1781. Ndipo, mwaka 1786, zamu ikamfikia akawa rekta. Ikamfikia tena mwaka 1788. Alipomaliza zamu yake akarudi kufundisha kama jana. Hakungoja gari, hakungoja uwaziri, wala hapana aliyesema ameshushwa.

Desturi hiyo ya Wajerumani ilidumu. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810, kilichaguliwa rekta na maprofesa wenyewe, naye alitumika mwaka mmoja. Hegel alikuwa rekta mwaka 1829 hata 1830. Max Planck, mwalimu wa fizikia aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya 1918, alikuwa rekta mwaka 1913 hata 1914, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Katika kila habari ya namna hii tumeona mambo mawili yakienda pamoja: mtu alitoka darasani, na mtu alirudi darasani. Hilo la pili ndilo kubwa zaidi. Mtu ajuaye kwamba mwakani atakaa tena meza moja na wale anaowaongoza leo, huyo hawezi kuwatendea kama watumwa.

Hata Waingereza wa leo, ambao viongozi wao hukaa miaka mingi zaidi na kulipwa mshahara mkubwa, hawakuliacha neno hilo kabisa. Alison Richard, aliyeongoza Cambridge kutoka 2003 hata 2010, alikuwa kwanza mtafiti wa wanyama wale wa Madagaska waitwao lemuri, akiwafuata porini. Oxford walijaribu njia nyingine kidogo. Mwaka 2004 walimwita John Hood wa New Zealand, mtu mwenye shahada ya uzamivu katika uhandisi, lakini aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni za biashara. Akataka kubadili utawala, watu wa nje wawe wengi katika baraza. Mwaka 2006 walimu wa Oxford wakakutana, wakapiga kura, wakamkatalia. Naye Hood akaendelea na kazi mpaka 2009, bila mwalimu yeyote kufukuzwa kwa kura ile. Hebu fikirini jambo hilo katika vyuo vyetu!

Tena yuko mama mmoja, Amanda Goodall, aliyetoa kitabu mwaka 2009 baada ya kuwachunguza viongozi wa vyuo vikuu 100 vya mbele duniani. Alihesabu ni mara ngapi maandiko yao yametajwa na wataalamu wengine, akaona kwamba vyuo vilivyo juu zaidi huelekea kuongozwa na watafiti waliotajwa zaidi. Mpinzani atasema yamkini chuo kikubwa ndicho kinachomvuta mtu mkubwa. Yawezekana kweli. Lakini kama uanazuoni ungekuwa kizuizi cha uongozi, kama tunavyoambiwa, vyuo hivyo vya mbele vingekuwa vimekwisha kuanguka.

Hatutaficha mfano ulio kinyume chetu, maana msomaji angeupata kwingine akatuona waongo. Martin Heidegger alikuwa mwanafalsafa mkubwa, mwalimu ambaye wanafunzi walimfuata kutoka mbali. Aprili 1933 alichaguliwa rekta wa Freiburg. Mwezi uliofuata akajiunga na chama cha Hitler, akatumia cheo chake kukihubiri. Basi elimu haimpi mtu moyo mwema. Lakini angalieni jinsi lilivyotokea. Walimu Wayahudi walikuwa wanaondolewa, na mwaka huo huo sheria mpya ya jimbo la Baden ikaondoa uchaguzi wa maprofesa, rekta akawa mtu wa kuwekwa na waziri, kuwa bwana wa chuo na si mwenzao. Nyumba iliondolewa nguzo zake kwanza. Heidegger alijiuzulu mwaka 1934.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo penye maumivu.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria, hawakufika hata 15. Kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Kiongozi wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, mwalimu wa mambo ya siasa aliyewahi kufundisha Makerere. Baada yake, mwaka 1965, akaja Mtanzania wa kwanza, Dokta Wilbert Chagula, tabibu aliyefundisha Makerere habari za viungo vya mwili wa binadamu. Wote wawili walitoka darasani.

Mwaka 1970 chuo kilipojitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kusimama chenyewe, njia ikabadilika. Rais, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, alimweka Pius Msekwa, aliyetoka katika uongozi wa TANU na aliyekuwa kabla yake Katibu wa Bunge. Mwaka 1977 akafuata Ibrahim Kaduma, aliyetoka katika uwaziri wa mambo ya nje. Mwaka 1980 akafuata Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Yaani kwa miaka 18 chuo kikuu cha taifa kiliongozwa na watu waliotoka katika chama na serikali.

Twajua jambo hili halitawapendeza wengi, maana Kaduma alikuwa mtoto wa Njombe, wa nchi yetu, mchumi aliyesoma sana, nasi sote tulijivunia. Hatumtukani marehemu. Wala Msekwa hakuwa mtu dhaifu. Bunge lilimwona likamfanya Spika kutoka 1994 hata 2005, na kazi ile aliiweza. Tena serikali ilikuwa na hoja yake. Taifa lilikuwa changa, fedha za chuo zilitoka kwa mkulima, na Rais aliogopa wasomi watakaojitenga na watu wao. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na leo pia inao. Lakini dawa iliyochaguliwa ilileta ugonjwa mwingine.

Tazameni yaliyotokea. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kulalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa. Askari wakaingia chuoni wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya, wanafunzi wakagoma. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana kupinga mawaziri na wabunge kuongezewa mapato, na mamia yao wakafukuzwa. Mwenye kuketi katika kiti cha uongozi mwaka ule alikuwa juzi tu waziri kati ya mawaziri. Angesimama upande gani? Mtu aliyeinuliwa na mkono wa juu hutazama juu. Hata angekuwa na moyo wa dhahabu, miguu yake haikusimama mahali pa kumwezesha kusema, "Niachieni wanafunzi wangu, nitawakanya mwenyewe."

Jirani zetu wa Uganda walionja yaliyo machungu kuliko hayo. Frank Kalimuzo, aliyekuwa mtumishi mkuu wa serikali, aliwekwa kuongoza Makerere mwaka 1970. Serikali iliyomweka ikapinduliwa mwaka 1971, na mwaka 1972 askari wa Idi Amin wakamchukua, asionekane tena. Kiti kikifungwa katika kamba ya siasa, siasa ikianguka humwangukia aliyekikalia.

Mwaka 1988 Dar es Salaam walirudi kwa walimu. Alikuja Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati na elimu, aliyekuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Sokoine tangu kilipoanza mwaka 1984. Alikaa hata 1991, kisha akakiasisi na kukilea Chuo Kikuu Huria mpaka 2005, chuo kinachomfuata mwanafunzi kijijini kwake. Wako walimu wa shule za msingi katika wilaya zetu waliopata shahada bila kuacha darasa, kwa kazi aliyoianzisha mwalimu huyo. Mmari alifuatwa Dar es Salaam na Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa mawasiliano, hata 2006. Kisha Profesa Rwekaza Mukandala, mwalimu wa siasa, hata 2017. Kisha Profesa William Anangisye, mtaalamu wa elimu. Twaona miaka 15 ya Luhanga ilikuwa mingi mno kwa mtu yeyote awaye, ijapokuwa chuo kilikua mikononi mwake. Lakini hao wote, mtu hakuhitaji kuuliza walifundisha nini.

Basi kumbe Dar es Salaam wamekwisha kujifunza, na hofu yetu si kwao tena. Hofu yetu ni kwa vyuo vidogo, vya kanisa na vya watu binafsi, ambako mashauri hufanywa na watu wachache chumbani. Hapo ndipo tusikiapo, "Safari hii ni zamu ya dayosisi yetu." Ama, "Huyu ni mstaafu, amepata kuwa mkubwa, tumpe mahali pa kupumzikia." Chuo si kiti cha uvivu barazani! Ama, "Huyu ni Mbena, yule ni Mnyakyusa." Wanafunzi wenyewe hawaulizi kabila la anayewafundisha kemia, huuliza kama aijua kemia.

Watatujibu, "Profesa hajui fedha." Wengine ni kweli hawajui. Lakini mhasibu huajiriwa, na mkaguzi huajiriwa, na jengo hujengwa na mwenye kujua kujenga. Kitu kisichoweza kuajiriwa kutoka nje ni macho ya kuitambua kazi ya elimu, njema na mbovu. Huko Ujerumani, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua Annette Schavan shahada yake ya uzamivu, baada ya kuona kwamba alinakili maneno ya wengine bila kuwataja. Mama huyu alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi nzima. Akajiuzulu. Twauliza, kiongozi wa chuo aliyewekwa kwa hisani ya waziri angethubutu? Na kiongozi ambaye hajaandika tasnifu hata moja angejuaje kwamba iliyo mezani pake ni ya wizi? Mwalimu aliyeamka usiku miaka 20 kusahihisha karatasi, akiletewa orodha ya alama ambamo darasa zima limepata sawasawa, hahitaji kuambiwa kwamba kuna neno.

Nasi katika nchi hii tulipata kuonja jambo hilo hata katika shule ndogo. Mwaka 1928 shule ya Malangali, upande wa Iringa, ilikuwa mikononi mwa Mwingereza mmoja, W. Bryant Mumford. Mtawala wa kikoloni alikuwa, na mengi ya fikira zake leo hatungeyakubali. Kuna waliosema alitaka kuwafunga vijana katika mambo ya kale. Lakini aliwauliza wazee juu ya desturi za Wahehe, Wabena na Wasangu, akaziandika na kuzichapisha, na aliyoyajifunza akayatia katika mafundisho ya shule yake. Kiongozi aliyekuwa pia mwanafunzi! Je, kati ya viongozi wa vyuo vyetu vya leo, ni wangapi wameandika hata kurasa 10 juu ya mvua za Uporoto, ama ugonjwa wa viazi, ama lugha ya Kikinga?

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliyaona mambo ya Ulaya kwa macho. Alikuwa Edinburgh kutoka 1949 hata 1952. Chuo kile kilikuwa na desturi ya kumchagua rekta kwa kura za wanafunzi. Kilikuwa cheo cha kukaa mbele ya baraza, si cha kazi za kila siku. Mwaka 1951, wakati yeye akiwapo, wanafunzi walimchagua Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini. Walikuwako watu wengine wakubwa walioutaka urekta ule, nao vijana wakamchagua mtu wa maabara.

Mikutano mikuu ya dayosisi na majimbo hukutana, na wajumbe hutoka katika sharika zenu. Ninyi ndio huwatuma. Mjumbe wenu akirudi na kuwaambia kwamba kiongozi mpya wa chuo amepatikana, msimwulize ametoka wapi kwa kuzaliwa. Mwulizeni alifundisha somo gani, kwa miaka mingapi, na wapi. Mwulizeni ni kitabu gani ama utafiti gani wenye jina lake. Mwulizeni walimu wa chuo walipewa nafasi ya kusema neno kabla hajawekwa. Na kipindi chake kitakwisha lini, na kikiisha atarudi kwenye darasa lipi. Mjumbe akikosa la kujibu, mtumeni arudi akaulize, kabla hamjatoa mchango wa bweni jipya.